Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu na afya Kigoma: mtoto anayeshindwa kuamka mpimeni kwanza

Kwa: Waheshimiwa wote mliopewa dhamana ya shule zetu na vituo vyetu vya afya, hapa Kigoma

YAH: WANAFUNZI WENYE SONONA KUADHIBIWA NA KURUDISHWA NYUMBANI KWA JINA LA UVIVU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, shikamooni kwa wale mnaostahili shikamoo yangu, na wengine habari za majukumu. Mimi ni mkazi wa Mwanga, nauza dagaa wa jumla kutoka Kibirizi, na ni dada na mlezi wa kijana wa kidato cha tatu ambaye tangu mwezi wa tatu yuko nyumbani kwa barua iliyoandikwa "uvivu uliokithiri na kudharau ratiba ya shule". Shule siitaji, mwalimu simtaji, ofisi siitaji, sijaja kumchafua mtu na wahusika wakisoma watajijua wenyewe. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Shuleni nimeenda, bodi nimeiandikia, ofisini nimepeleka barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa na nakala ninayo, baada ya hapo ni kimya, nikiuliza naambiwa faili liko kwa bosi na bosi yuko safarini. Mtu mmoja kwenye simu akanishauri nimpeleke huyo kijana Kasulu alime miezi miwili akili itamkaa sawa. Hapo ndo nikaona ngoja niongee na wote kwa pamoja, maana nishajua mdogo wangu hayuko peke yake, wazazi wenzangu sokoni wananisimulia mambo yaleyale kuhusu watoto wao.

Naomba tuelewane jambo moja kabla sijaanza hoja. Uvivu upo, sikatai. Nafanya kazi na vijana ufukweni kila siku na mvivu namjua vizuri sana. Mvivu anakwepa kuanika dagaa jua likiwaka, ila akisikia kuna mechi uwanja wa Lake Tanganyika ndo wa kwanza getini, anaimba mpaka sauti inakauka, na jioni anakula sahani mbili za ugali na migebuka. Yaani mvivu anakimbia kigumu na kukifuata kitamu. Mdogo wangu alikuwa winga wa kutegemewa, jirani zetu wote wanajua, na kitu cha kwanza alichoacha ni mpira. Aliacha mpira kabla hajaacha daftari. Alafu akaacha muziki, akaacha kuchati na wenzake, chakula anachokipenda cha migebuka ya mawese anakiangalia tu mpaka kinapoa. Sasa mtu ambaye hata kitamu hakitaki tena, huyo mnamwitaje mvivu?

Hoja zangu ni hizi.

1. Mnaadhibu dalili za ugonjwa.

Sonona, wengi tunaita depresheni, sio majonzi ya msiba wala stresi za mtihani ambazo mtihani ukiisha na zenyewe zinaisha. Wataalamu wanaangalia kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, mtu amekuwa na huzuni au amekosa hamu na vitu alivokuwa anavipenda, alafu wanaangalia na yale yanayoambatana nayo, usingizi kuharibika (ama haupati kabisa ama analala kupita kiasi), ulaji kubadilika, mwili kuchoka bila kufanya kazi, kichwa kushindwa kutulia kwenye jambo moja, miondoko na maneno kuwa mazito mpaka watu wa pembeni wanaona, kujiona hana thamani, kuwaza kifo. Chukueni orodha hiyo muiweke pembeni ya barua ya shule. Barua inasema anasinzia darasani, anachelewa paredi, hamalizi kazi za mikono, akiulizwa hajibu au anajibu baada ya muda mrefu, haonyeshi kujali. Ni mambo yaleyale! Kilichobadilika ni aliyeyaandika, mmoja kaandika akitafuta ugonjwa, mwingine akitafuta kosa.

Likizo ya Disemba nilimkuta asubuhi amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja ameshavaa na ya pili ameishika mkononi. Nikaenda Kibirizi kupokea mzigo, boti zilichelewa kuingia, tukapima, tukagombana bei kama kawaida, nikapakia kwenye bajaji nikarudi nyumbani jua limeshapanda, na yeye yuko palepale na soksi ileile mkononi. Nikamuuliza unawaza nini mdogo wangu, akasema siwazi kitu dada, najiambia vaa, mkono hauendi. Machozi yalimtoka akiwa anasema hivo. Waheshimiwa, huyo kijana alikuwa anataka kuvaa. Anayekwambia "najiambia vaa mkono hauendi" hajakaa kupumzika, amekaa anapigana na hakuna anayemuona.

Na msidhani ni ugonjwa wa watu wachache au wa wazungu. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2023 lilitaja watu wapatao milioni 280 duniani wanaoishi na sonona. Na matatizo ya akili kwa ujumla, karibu theluthi yake huanza kabla mtu hajafika miaka 14 na karibu nusu kabla hajafika 18. Yaani huanza wakiwa mikononi mwenu, shuleni, wamevaa sare.

2. Adhabu zinaongeza ugonjwa, na zingine hazifuati hata kanuni zenu wenyewe.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa na mkuu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mdogo wangu alichapwa na mwalimu wa zamu mbele ya paredi, zaidi ya hivo vinne, na nilipoomba kuonyeshwa kitabu nikaambiwa mama usituletee siasa. Alafu akapewa kudeki bwalo wiki nzima na kuamshwa saa kumi alfajiri peke yake ili "azoee". Mtu ambaye usingizi wake umeharibika na ubongo wake umechoka mnampunguzia na ule kidogo alioupata. Zaidi ya hapo kuna ile ya kumsimamisha mbele ya wenzake na kusema huyu ndo mfano wa kijana asiye na future. Ugonjwa wenyewe unamwambia usiku kucha kwamba hafai, kulipokucha mwalimu anashika spika anathibitisha. Niambieni mnategemea apate nguvu ya kuamka kesho yake kutoka wapi.

3. Mnadhani motisha inamwagwa kwa maneno.

Hapa nataka nikae kidogo maana naona ndo kiini cha yote. Shule nyingi siku hizi zinaita wahamasishaji, wanakuja na spika kubwa, amka kijana, pambana, waza ndoto zako, fulani alikuwa maskini sasa ana V8. Watoto wazima wanafurahi na siwapingi. Ila mtoto mwenye sonona akisikia yale maneno anaumia zaidi, kwa sababu yeye anataka na hawezi, kwahiyo anatoka ukumbini na ushahidi mpya kwamba yeye ndo mbovu peke yake.

Nilivoeleweshwa na tabibu aliyemhudumia, na nimesoma sana tangu hapo, ni kwamba kila tunapotaka kufanya kitu ubongo unapiga hesabu ya jasho na faida. Nikiamka saa tisa usiku kwenda mwaloni, kichwani nimeshaona ile hela ya mzigo kwahiyo baridi ya ziwa naivumilia. Sonona inaharibu hiyo hesabu. Jasho linaonekana kubwa kuliko lilivo na faida inakuwa haionekani, hata furaha ya kitu alichokuwa anakipenda haiji akikifanya. Ndo maana kumtishia hakusaidii, na kumuahidi zawadi pia hakusaidii sana, kote huko mnaongea na ile sehemu iliyoharibika.

Sasa kinachosaidia ni nini? Kuna tiba ya kuongea, na ndani yake kuna kitu ambacho mtu asiyejua anaweza kudhani ni kilekile mnachofanya nyie, kumbe hapana. Wanasema usisubiri hamu ije ndo ufanye, fanya kitu kidogo sana kwa kupanga, ukiwa na mtu pembeni, na hamu inaweza kuja nyuma yake polepole. Tabibu alituambia tuanze na kimoja tu. Tukakubaliana aoshe uso tuende wote Kibirizi ahesabu ndoo tano za dagaa, tano tu, akimaliza akitaka kurudi kulala arudi. Siku ya kwanza alihesabu tatu akakaa chini kwenye mchanga, nikamwambia sawa tatu zinatosha. Wala sikumsifia kwa makelele, tulienda tukanywa chai. Baada ya wiki kadhaa alikuwa anaandika daftari la mzigo mwenyewe na siku moja akamsahihisha mteja aliyekosea hesabu. Bado hajapona, kuna siku bado ni nzito sana, ila anasogea. Hatua zinapimwa kwa nguvu ya mgonjwa alizonazo leo, ndo tofauti na kudeki bwalo zima kwa fimbo.

4. Vituo vya afya navyo vinatuangusha.

Kabla ya Disemba nilishampeleka kituo cha afya. Walimpima malaria, hana. Wakampa panadol na vitamini tukarudi. Kupima malaria sio kosa jamani, huku kwetu lazima tupime, na uchovu una mengi, damu kupungua, minyoo, kichocho kwa watoto wanaoshinda ziwani, TB, vyote hivo vinaweza kumfanya mtoto aonekane mzembe na vyote vinatibika. Kosa ni kwamba majibu yalipotoka safi hakuna aliyeuliza swali la pili.

Mnakumbuka zamani kila homa ilikuwa malaria, unaingia unapewa dawa unatoka. Mwaka 2010 WHO ikasema homa ipimwe kabla ya dawa, na leo mhudumu wa zahanati ya kijijini anatoboa kidole na baada ya dakika kama kumi na tano anajua. Tulibadilika. Kwenye uchovu na kukata tamaa tunaweza kubadilika vilevile na hakihitajiki hata kipimo cha damu. Kuna karatasi ya maswali tisa inayotumika duniani kote, PHQ-9, inauliza wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu, umelala vibaya, umejiona umefeli, na kadhalika, kila swali sifuri mpaka tatu, jumla kubwa ni 27, na kuanzia kumi mtu anatakiwa aangaliwe kwa makini zaidi. Haimpi mtu ugonjwa, inaonyesha nani akalishwe chini na mtaalamu. Ni karatasi na peni. Mdogo wangu alivojaziwa kwa tabibu tuliyempata baadae sana alikuwa juu ya ishirini, na lile swali la tisa, linalohusu kuona bora ufe, hakuandika sifuri. Mimi nilikuwa nimekaa nje kwenye benchi, nilielezwa baadae. Wakati huohuo shule ilikuwa inamdai barua ya kujieleza kwa nini ni mvivu.

Tukija kwenye dawa, fluoxetine, ambayo ni dawa ya sonona, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, sio dawa ya kifahari, na inachukua wiki kadhaa kuanza kuonyesha kazi kwahiyo ikikatika katikati mgonjwa anarudi nyuma. Sisi tumeambiwa "haipo, kanunue nje" mara nyingi kuliko tulivoipata. Na ukisema afya ya akili watu wanakutajia hospitali ya Mirembe. Mirembe ilianzishwa 1927, ni ya taifa, iko Dodoma, kutoka hapa ni treni ya kupita Tabora au basi la kuchosha mwili wote, na mtoto mwenye sonona hahitaji kupelekwa Dodoma, anahitaji tabibu wa karibu aliyefundishwa, dawa isiyokatika na mtu wa kuongea nae kila wiki.

5. Mwalimu wa unasihi ndo huyohuyo mwalimu wa nidhamu.

Hili fupi. Mtoto hawezi kumfungulia moyo saa nane mtu aliyemchapa saa mbili. Tenganisheni.

6. Kuna wanaotumia dawa tayari na bado wanaitwa wavivu.

Kuna kijana hapa mtaani alitibiwa ugonjwa wa kusikia sauti. Sauti zimetulia, ila amekuwa mzito, uso hauonyeshi kitu, anakaa kibarazani muda mrefu. Watu wanasema amepona ila amekuwa goigoi. Kwenye ugonjwa ule kukosa msukumo wa kufanya jambo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na baadhi ya dawa za zamani kama haloperidol na chlorpromazine zinaweza kumkakamaza mwili na kumsinzisha mtu, jambo ambalo daktari akiambiwa anaweza kurekebisha. Lakini nani amwambie, ikiwa familia imeshaambiwa kwenye mkutano wa mtaa kwamba kijana wenu hataki kazi? Viongozi wa mitaa wanapenda sana ile ajizi nyumba ya njaa, na ni methali nzuri kwa mtu mzima wa afya. Kwa mgonjwa, wenye methali walituachia na nyingine, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

7. Tunaogopa kusema ukweli kwa sababu ya sheria.

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Kwahiyo mzazi akijua mtoto wake amefika huko anaficha, anaogopa polisi, na anayefichwa hatibiwi. Kwa vijana wa miaka 15 mpaka 29 duniani kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa takwimu za WHO. Najua sheria hiyo haibadilishwi Kigoma, inabadilishwa bungeni Dodoma, lakini nyie mna nafasi ya kulisema juu na mna uwezo wa kuwaambia wazazi kwamba wakija kituo cha afya na mtoto wa namna hiyo watapokelewa kama wagonjwa. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 tunayo, mgonjwa wa akili anatajwa humo kama mtu wa kutibiwa na kulindwa, naomba iwe ndo ya kwanza kushikwa mkononi.

Sasa najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa.

Nitaambiwa tukianza hivo wanafunzi wote watajifanya wana sonona wakwepe kudeki. Watakaojaribu watakuwepo, kama wanavojaribu na kusema tumbo linauma, na hatujawahi kufuta matibabu ya tumbo kwa sababu hiyo. Anayejifanya anachoka kujifanya ikifika saa ya mpira. Aliyekaa na mtoto wiki mbili akiwa makini atamjua, na tabibu akimuuliza vizuri atamjua.

Nitaambiwa sisi tulikua kwa fimbo na tumekuwa watu. Mliokua mmekaa ofisini ndo mnaosema. Wenzenu wa darasani walioacha shule wakaitwa wamelogwa, au wakaitwa walevi, au wapo makaburini na sababu haikusemwa, hawapo kwenye kikao kujibu. Mimi binafsi nawakumbuka wawili wa darasa letu Ujiji na hakuna aliyewahi kuuliza walikuwa na nini.

Nitaambiwa ni mapepo, mpeleke akaombewe. Tumeomba, na tunaendelea kuomba, shehe wa mtaani kwetu ni mtu wa busara na yeye mwenyewe ndo alisema hospitali msiache. Dua na dawa havigombani.

Nitaambiwa hakuna wataalamu. Hili ni kweli na ndo zito kuliko yote, silidharau. Ila Zimbabwe nao hawakuwa nao. Kule Harare daktari wa akili Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha kina bibi wa mitaani, wahudumu wa kawaida wa afya ya jamii, kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia apange tatizo moja moja. Wakaja kupima kwa utafiti mkubwa kwenye kliniki 24, matokeo yakatoka 2016: baada ya miezi sita waliopitia benchi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama 14 kati ya 100, wenzao waliopata huduma ya kawaida kama 50 kati ya 100. Bibi na benchi! Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii, tuna mama zetu wa vikoba wanaojua siri za nyumba zote za Gungu na Katubuka na hawazitoi. Benchi hatukosi.

Na nitaambiwa bajeti. Karatasi ya maswali tisa haina bajeti. Kutokuchapa mtoto mgonjwa hakuna bajeti. Kumtenga mwalimu wa unasihi na fimbo hakuna bajeti. Dawa ina bajeti, nakubali, ndo maana nimeiweka huko mwishoni kwenye maombi yangu, kabla tu ya lile la mdogo wangu.

Maombi yangu basi:

(a) Mwanafunzi yeyote asisimamishwe wala kufukuzwa kwa sababu ya uvivu, utoro au "kutojali" kabla hajaonwa kituo cha afya, mwili na akili vyote viwili, na karatasi ya kituo iheshimiwe shuleni. Karatasi yetu sisi iliangaliwa na kurudishwa mezani na maneno ya "hii ya vichaa hatuitumii hapa". Hayo maneno yasitamkwe tena na mtu anayelipwa kulea watoto.

(b) Kila shule ya sekondari iwe na mwalimu wa unasihi ambaye hashiki fimbo, apunguziwe vipindi, apewe chumba chenye mlango unaofungwa, na apate mafunzo ya kutambua sonona, hata ya siku chache kutoka kwa watu wa afya waliopo mkoani.

(c) Matabibu wa vituo vya afya wawe na yale maswali tisa mezani, na uchovu ambao vipimo vya damu havijaueleza uulizwe. Kila kituo kiwe na siku moja ya wiki inayojulikana, itangazwe sokoni, misikitini na makanisani, ya watu wenye shida za akili na familia zao.

(d) Wenyeviti wa mitaa na watendaji waache kutaja majina ya "wavivu" kwenye mikutano ya hadhara. Kama kuna mtu hatoki ndani, apelekewe mhudumu wa afya.

(e) Dawa za sonona zisikatike vituo vya afya, na zikikatika tuambiwe zinarudi lini.

(f) Mdogo wangu arudishwe darasani muhula wa pili, akiwa na ruhusa ya kulala mpaka kengele ya kawaida, ruhusa ya kwenda kliniki, na mwalimu mmoja anayejua hali yake. Adhabu yake ifutwe kwenye kumbukumbu za shule. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika haya, nimemsomea barua nzima jana usiku, akaniomba niondoe sentensi mbili nikaziondoa, na akaniomba niongeze kwamba hesabu bado anazipenda.

Shule zinafunguliwa Julai. Naomba majibu kwa maandishi kabla ya hapo, kupitia anwani ileile iliyopo kwenye barua zangu zenye muhuri wenu, na kama kuna kikao nitakuja saa yoyote mtakayopanga isipokuwa alfajiri, maana alfajiri nakuwa mwaloni. Wazazi wengine wenye barua kama yangu wako tayari kuja na barua zao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dada na mlezi,
Mwanga, Manispaa ya Kigoma Ujiji

Nakala kwa:
Wazazi na walezi wote wenye watoto bweni
Walimu ambao hamkubaliani na haya ila mmenyamaza